Mkunga, Mwanafunzi na Ramani: Kuandaa Siku ya Programu Huria Karibu na Jozani

Tulikutana katika chumba cha darasa cha skuli moja iliyo kusini mwa msitu wa Jozani. Madawati yalipangwa duara ili kila mtu amwone mwenzake, na vijana waliotoka mjini ndio waliotangulia kujitambulisha. Mmoja alitaja lugha za kompyuta anazozijua, wa pili akataja nyingi zaidi, wa tatu akaeleza miaka aliyokaa katika kazi hiyo. Zamu ilipomfikia mkunga wa kituo cha afya cha jirani, aliinuka nusu, akashika upindo wa mtandio wake, akasema, "Mimi katika haya sijui chochote. Nimekuja kwa kuwa nimeitwa." Akaketi. Tukampa daftari la mahudhurio alishike. Kabla ya adhuhuri alikwisha kuaga. Alisema kuna mjamzito anayemngoja kituoni.

Kufikia alasiri vijana wale walikuwa wamechora mamia ya majengo kutoka katika picha za anga. Kwa macho, kazi ilikuwa safi. Lakini hakuna kitongoji hata kimoja kilichoandikwa jina, mabanda ya mbuzi yalihesabiwa kuwa nyumba za watu, na njia mbili zilizopigwa mstari mnene zilikuwa mikondo ya maji ya mvua. Mtu ambaye angeyasahihisha yote hayo kwa muda mfupi, kwa kuwa ameipita nchi ile kwa miguu usiku na mchana, tulimkalisha penye daftari hata akaondoka. Nilikuwa miongoni mwa waandaaji wa siku ile, na makala haya yametokana na aibu niliyoiona baadaye.

Msomaji anayehudumu kituoni, au anayeuguza mtoto nyumbani, ana haki ya kuuliza mambo ya ramani na programu za kompyuta yanamhusu nini. Jibu haliko mbali. Tangu mwaka 2012 Zanzibar imekuwa ikifuatilia malaria kwa kutumia mfumo uitwao Coconut Surveillance, uliotengenezwa kwa programu huria kwa ushirikiano wa programu ya malaria ya Zanzibar na shirika la RTI International. Kituo kinapomgundua mgonjwa, taarifa hutumwa kwa simu. Ofisa wa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya huipokea, hupanda pikipiki na kishikwambi chake mkobani, huenda kituoni kuchukua maelezo, kisha huenda nyumbani kwa mgonjwa na kuwapima wanakaya wengine. Mahali ambapo malaria imekuwa adimu, mgonjwa mmoja ni ncha ya uzi: nyuma yake huenda yupo mtu mwingine mwenye vimelea katika damu ambaye hajisikii ugonjwa wowote, na mbu anaweza kuvichukua vimelea hivyo na kuvipeleka nyumba ya tatu.

Mfumo huo umefanya mengi, lakini hauwezi kuijua nyumba ambayo haijaonyeshwa mahali popote. Ofisa akifika penye njia panda ataliuliza duka, duka litamwelekeza kwa sheha, na sheha atamtuma kijana ampeleke. Katika vijiji vinavyouzunguka msitu, kama Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni, makazi mengine yamo ndani ya maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, na njia hupindapinda kukwepa miamba na mashimo. Saa moja hupotea hivi hivi. Na ikiwa anayetafutwa si mwenye malaria bali mama aliyeanza kutoka damu baada ya kujifungua, saa hiyo moja ni roho ya mtu.

Nieleze kwa ufupi maana ya programu huria, kwa kuwa neno hilo huwatisha watu bure. Ni programu ambayo maelekezo yake ya ndani yako wazi: kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Mfamasia ataelewa upesi, maana ni kama tofauti ya dawa iliyoandikwa viambato vyake kwenye kasha na dawa iliyomo katika chupa isiyo na maandishi. Programu nyingi za namna hii huendelezwa na watu wanaojitolea, na wengi wao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Wapo wanaotafsiri, wanaojaribu na kueleza kasoro, wanaoandika mwongozo, wanaofundisha wengine. OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, imejengwa kwa njia hiyo hiyo.

Kwetu Unguja kazi hii haianzii patupu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Benki ya Dunia zilishirikiana kupiga picha za anga za visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa chuo hicho walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Picha zile ni kali kiasi kwamba mtu huuona mwembe mmoja mmoja uani. Lakini picha ya juu haisemi paa lile ni la skuli au la ghala, wala kisima kile kina maji ya kunywa au kimeingia chumvi. Hayo anayajua mtu wa chini.

Ndivyo ilivyoonekana pia kwa jirani zetu. Katika ramani nyingi za Nairobi Kibera ilikuwa doa tupu hadi Novemba 2009, vijana 13 wa Kibera yenyewe walipofundishwa kutumia vifaa vya GPS na kuanza kuchora njia, vyoo, mabomba na zahanati zao. Dar es Salaam, mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale pamoja na wakazi kufanya kazi kama hiyo, na mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaipanua katika kata nyingi zinazofurika maji. Mwanafunzi alishika kifaa, mkazi akashika habari. Nadhani siri ya miradi ile ilikuwa hapo, ingawa ripoti huwa zinavisifu vifaa zaidi.

Tena si jambo geni katika tiba ya visiwa hivi. James Christie, tabibu kutoka Uskochi aliyekuwa Zanzibar wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alitaka kujua ugonjwa ule ulipitia wapi kabla ya kuingia mjini. Aliwauliza watu wa misafara ya bara, wafanyabiashara na wasafiri wa pwani, akayaunganisha maneno yao, na mwaka 1876 akachapisha London kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki tangu 1821. Njia za ugonjwa alionyeshwa na watu waliozitembea.

Basi tulipokusudia kuandaa siku ya pili, hatukuanza na kompyuta. Tulikwenda kwanza kwa sheha, kisha kituoni, tukaomba radhi. Mkunga hakutulaumu, alicheka kidogo, akatukaribisha barazani. Tulimuuliza ramani ikipatikana angependa imsaidie nini. Alijibu bila kufikiri sana: dereva wa gari la wagonjwa akipigiwa simu usiku afike bila kuzunguka. Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya siku nzima, na tuliiandika ubaoni kwa chaki kabla ya mtu yeyote kufungua mashine. Wanaoandaa siku za namna hii hupenda kuanza na teknolojia kisha wakaitafutia tatizo. Afadhali kuanza na mtu mwenye tatizo.

Mwaliko nao tuliubadilisha. Ule wa kwanza uliwaita "wenye ujuzi wa kompyuta", na mlango ulikuwa umefungwa kwa maneno hayo kabla ya siku yenyewe. Wa pili uliuliza tu: Je, unazijua njia za kijijini kwako? Unajua kila kitongoji kinavyoitwa na wenyewe? Umewahi kumpeleka mgonjwa kituoni usiku? Unasoma Kiswahili na kuona pale kilipokosewa? Kila swali lilikuwa na meza yake. Sheha aliusoma baada ya sala ya Ijumaa, na wajitolea wa afya ya jamii wakaupeleka nyumba kwa nyumba, kwa sababu akina mama wengi hawangeusikia msikitini.

Kujitambulisha tulikufanya kwa njia nyingine. Hapakuwa na mtu aliyeulizwa ana cheti gani. Kila mmoja alitaja jina lake na mahali pamoja katika eneo lile anapopajua kuliko wengine. Mzee mmoja mvuvi alitaja njia ya kupita kwenye mikoko upande wa ghuba ya Chwaka, akaeleza kwamba wakati wa bamvua maji huifunika, na asiyejua saa zake atakwama. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa jirani yake alikiri kwamba hapajui mahali popote pale, yeye ni mtu wa Ng'ambo, mjini. Watu walicheka, naye akacheka. Zamu hii aliyesema hajui alikuwa yeye, na hakuna aliyemdharau.

Kwenye meza za kompyuta tuliweka watu wawili wawili, mwenye kushika kipanya na mwenye kuijua nchi, na sharti lilikuwa moja: anayeshika kipanya asichore kitu kabla ya mwenzake kusema ni nini. Mwanzo kazi ilikwenda polepole mno, hata vijana wakaanza kutazamana. Baada ya saa moja hivi mambo yalibadilika. Mkunga alikuwa akiinamia kioo na kusema, "Hapo sipo, mwanangu, rudi nyuma, hapo pana mkwaju," na kijana akarudi nyuma. Mkwaju ukaonekana.

Wasiopenda kioo walipewa karatasi. Tulichapa picha za anga kwenye karatasi kubwa, tukagawa penseli, na makundi madogo yakatoka kwenda kutazama kwa macho: visima, misikiti, maduka, madaraja mabovu, mahali gari linapoweza kugeuza. Mwenye miguu mizima alitembea. Mwenye magoti mabovu alibaki barazani na wazee kuandika majina. Meza hiyo ya majina ilikuwa na mabishano kuliko zote. Kitongoji kimoja kilikuwa na jina la serikali, jina la wenyeji, na jina la utani ambalo wenyewe hawalipendi. Tuliandika mawili ya kwanza. La tatu tukaliacha kwa kura ya wote waliokuwapo. Mama anayepiga simu usiku hutaja jina analolijua yeye, hivyo jina la wenyeji si pambo.

Waliotoka upande wa mabonde ya mpunga walileta habari nyingine. Cheju iko kaskazini mwa msitu, na mwaka 2019 watafiti walijaribu huko kunyunyiza mashamba ya mpunga kwa ndege zisizo na rubani, wakitandaza juu ya maji utando mwembamba unaozuia viluwiluwi vya mbu kupumua. Kazi kama ile inataka kujua maji yanasimama wapi na mwezi gani, na mkulima wa mpunga anayajua hayo kama anavyoijua njia ya kwake. Tulimpa kalamu ya rangi. Akaigawa karatasi mafungu matatu: yanayokauka mapema, yanayokawia, na yasiyokauka kabisa.

Meza iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya lugha. Kuna mfano wa zamani hapa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za kazi za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba kompyuta. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba Kiswahili cha kompyuta kinaeleweka na mtu aliyeketi kitandani anaumwa. Tulikuwa na fomu ya majaribio ya maswali kwa mtu mwenye homa, iliyotafsiriwa na watu wa mjini. Swali moja lilisema: "Je, umesafiri hivi karibuni?" Kwa Zanzibar swali hilo ni zito, maana wagonjwa wengi wa malaria hupatikana miongoni mwa waliolala nje ya visiwa.

Mvuvi yule yule aliulizwa kwa majaribio, akajibu hapana. Muuguzi aliyekuwa karibu akamtazama. "Si ulikuwa dago mwezi uliopita?" Mzee akasema ndiyo, dago alikwenda, wiki tatu, lakini dago si safari, ni kazi. Pale pale swali likaandikwa upya: "Katika mwezi uliopita, ni usiku gani hukulala nyumbani kwako, na ulilala wapi?" Neno "homa" nalo lilizua mjadala, kwa kuwa wengine hulitumia kwa mafua na uchovu pia. Mwanamke aliyekuja na mjukuu wake, ambaye hakuwa na kazi yoyote ya hospitali, ndiye aliyependekeza tuongeze "mwili kuwa moto". Sijui ni mtaalamu gani angetuuzia masahihisho hayo, wala kwa bei gani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mhudumu wa afya anapaswa kulisimamia bila haya. Mchana, kijana mmoja mwenye nia njema alipendekeza tupake rangi nyekundu nyumba zilizopata malaria msimu uliopita. Wajitolea wa afya wanazijua. Ingechukua dakika chache. Muuguzi aliweka kiganja chake juu ya karatasi, akakataa. Alikuwa sahihi. Ramani huria husomwa na dunia nzima, na OpenStreetMap hutunza historia ya kila badiliko, kiasi kwamba kitu kilichofutwa leo bado kinaweza kuonekana katika kumbukumbu zake. Leo ni malaria, kesho itakuwa kifua kikuu, keshokutwa nyumba ya anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, hata kuandika "nyumba ya tatu baada ya msikiti" ni kumtaja mtu kwa jina lake.

Tukagawa mambo kwa mstari wa wazi. Nyumba, njia, kisima, kituo na jina la kitongoji vinaingia kwenye ramani ya wote. Mgonjwa, ugonjwa, namba ya simu na jina la mwenye nyumba havikanyagi hapo. Vinabaki katika mfumo wa afya wenye nywila na watu walioapa kutunza siri. Karatasi zote zilikusanywa jioni na kukaguliwa na muuguzi kabla ya kuingizwa kwenye kompyuta. Karatasi mbili zilikuwa na majina ya watu. Yalifutwa kwa kalamu nyeusi na karatasi zikachanwa. Wagonjwa wanaosoma jarida hili wajue kwamba wana haki ya kuuliza, siku kama hiyo ikifanyika kijijini kwao, nani anakagua karatasi.

Mengine yalikuwa madogo, ila yakikosekana siku huharibika. Picha za anga zilipakuliwa mapema, kwa kuwa intaneti ya kule huja na kuondoka. Waya za umeme zilikuwa ndefu za kutosha. Mapumziko yalifuata adhuhuri na alasiri, wala hayakufuata ratiba ya waandaaji. Mkeka uliwekwa chumba cha pili kwa watoto, na dada wawili walilipwa kuwaangalia ili mama zao wafanye kazi. Tulimaliza mapema ili watu wa mjini wawahi daladala zinazotoka Makunduchi na Jambiani. Wapishi walilipwa pia. Sipendi desturi ya kuwaita wanawake wa kijiji "wajitolea" pale wanapopika, na kuwaita vijana wa mjini "wataalamu" pale wanapokula.

Kuna haki nyingine isiyogharimu kitu. Katika OpenStreetMap kila badiliko hubaki chini ya jina la aliyeliingiza, na mkulima mwenye penseli hana akaunti. Asipotajwa, kazi yake yote itahesabiwa kuwa ya mwanafunzi aliyenakili. Hivyo kwenye maelezo ya kila badiliko tuliandika kwamba habari zimetolewa na wakazi wa shehia ile, na orodha ya majina ya wote waliokubali kutajwa ikabandikwa kwenye mlango wa kituo cha afya. Vijana kadhaa wa kijijini walitaka kuendelea. Wanafunzi wa chuo wakabaki Jumamosi ya pili kuwafundisha kuhakiki kazi ya wengine.

Mkunga hakubaki hadi mwisho hata mara hii. Aliitwa saa tisa, na mgonjwa ni mgonjwa. Kabla ya kutoka alirudi kwenye meza yake, akachukua penseli, akachora duara dogo mahali ambapo njia ya gari huishia kwenye mawe. Pembeni aliandika kwa herufi zake za kusimama: "Hapa gari lisiingie masika. Lisimame msikitini, machela yaje." Kijana aliyekuwa amekaa naye tangu asubuhi akamuuliza kama machela yapo. Akasema yapo moja, yamevunjika mguu, na akatuomba tuliandike hilo pia.